Nilizituliza Feni, Nikampotezea Mama Ndekirwa Wimbo Wake

Mkasa huu nimeshauandika mara tatu kwenye daftari langu, na mara zote tatu nilijipendelea. Mara ya kwanza niliandika kwamba mashine ilikuwa mbovu. Mara ya pili nikaandika kwamba joto la ukumbi lilizidi. Mara ya tatu nililaumu kitambaa, na karatasi hizo nilizichana kabisa nikawashia jiko la mkaa. Leo naandika mara ya nne, na nikijipendelea tena mnisamehe, mimi niliishia darasa la saba na aibu yenyewe bado ya moto.

Kazi yangu ni kurekodi sauti. Naishi Sombetini, chumba kimoja, kitanda upande huu na kompyuta upande ule, katikati nimetundika pazia zito ili mteja akija asione sufuria zangu. Kibao cha nje kinasema studio, lakini kibao nilikichora mwenyewe. Wanakuja watu wa matangazo ya dawa ya kunguni, wale wanaozunguka mitaani na spika, wanakuja vijana wanaotaka kuwa wanamuziki, na mara mojamoja inakuja kwaya. Mimi kwetu ni Kondoa, hapa Arusha sina ndugu, na mteja akishamaliza shida yake anaondoka, ndivyo kazi ilivyo, simlaumu mtu.

Sasa kompyuta yangu niliiunga mwenyewe kwa vipande vya mashine tatu zilizokufa, na ndani ya boksi lake nikaweka feni tatu, maana nilikuwa naogopa joto. Zikianza kufanya kazi zinavuma. Kwa matangazo ya kunguni si neno, lakini kwa kwaya ni tatizo, kwa sababu maiki na mashine viko chumba kimoja na maiki haichagui cha kusikia. Kuna kwaya ya Nkoaranga, huko juu kwenye mteremko wa Meru, niliwahi kuwarekodia wimbo, na baada ya wiki mwenyekiti wao akanipigia simu. Anaitwa Mwalimu Elifuraha, mwalimu mstaafu, mtu wa kusema taratibu, na ni mpaka ufike nyumbani ndipo unagundua umechapwa.

"Fundi," akasema, "wimbo umetoka vizuri. Ila mke wangu anauliza, tuliimbia kwenye mashine ya kusaga?"

Chai yangu ya siku ile sikuimaliza.

Basi mwezi wa saba, baridi ile ya Arusha ya kuvaa makoti mawili, Mwalimu akapiga tena. Akaniambia Mama Ndekirwa, mwimbaji wao wa kuongoza kwa miaka yote, ana uvimbe kooni, Jumatatu anaingia hospitali kufanyiwa upasuaji, na daktari amemwambia wazi kwamba kupona atapona lakini sauti ya kuimba asiitegemee tena. Kuna wimbo wa Kimeru aliofundishwa na marehemu mama yake wakipalilia kahawa, kitabuni haumo, na wanakwaya wenzake wanajua kiitikio tu. Wajukuu wake wako mbali, hawajawahi kuusikia. Alitaka auache kwenye flashi kabla ya Jumatatu.

"Jumamosi unaweza kupanda huku?" akauliza. "Ukumbi upo, umeme upo. Na ile mashine yako, ina namna ya kuinyamazisha?"

Nikasema ipo.

Hapo ndipo yote yalipoanzia, kwenye neno hilo moja, kwa sababu wakati nasema ipo nilikuwa siijui. Ningeweza kusema ngoja niangalie. Lakini mtu akikupigia simu mara ya pili baada ya kukusema vile, ukiwa mtu ambaye simu yako inaweza kukaa siku nne bila kuita, unasema ipo.

Nikaingia mtandaoni nikatafuta, na kumbe kweli ipo. Nitaeleza kwa jinsi nilivyoelewa. Mashine ikiachwa yenyewe inajipima joto, ikiona moto unapanda inaongeza mwendo wa feni, ukishuka inapunguza, kama mama anavyochochea na kupunguza kuni bila kuambiwa na mtu. Lakini ipo programu ambayo inakuruhusu uzishike feni kwa mkono wako. Kuna kijimstari kwenye skrini, unakivuta chini, feni zinapungua, na hapo ulipokiacha ndipo kinapobaki, jua liwake, mvua inyeshe, mashine iungue. Yule aliyekuwa anafundisha kwenye video alionya kwamba uangalie joto lake muda wote. Nilimsikia. Nikavuta mstari karibu na mwisho. Halafu (hili nalisema mapema ili nisije nikaonekana nalificha) nikazima na king'ora cha joto, kwa sababu kingelia katikati ya wimbo kingeuharibu.

Chumba kikanyamaza. Sikutegemea kingenyamaza kiasi kile. Nikamsikia jirani wa ukuta wa pili anakoroga chai, nikasikia na kijiko anavyokiweka kwenye sahani, na nikiwa nimekaa pale nikakumbuka kwamba tangu Jumatano hakuna mtu aliyenisemesha zaidi ya huyo Mwalimu na muuza maziwa. Nikaiacha mashine ikiwa hivyo asubuhi nzima na haikuzima. Sasa mtu mwenye akili angesema asubuhi ya mwezi wa saba, chumba hakina mtu, baridi ya kuganda vidole, hilo si jaribio. Mimi nilisema tayari.

Jumamosi nikapanda na bodaboda, boksi la kompyuta nimelipakata kama mgonjwa, skrini mgongoni, na kule juu njia ilipokuwa mbaya tukashuka tukatembea kati ya migomba mimi na dereva, yeye anasukuma pikipiki, mimi nimekumbatia mashine. Nikakuta kwaya imeshafika, watu kama ishirini hivi, wameketi kwenye mabenchi na sare zao, ingawa sauti haina sare. Mama Ndekirwa, ambaye mara ile ya kwanza hakuja na wenzake, nilimtambua kwa kitambaa alichofunga shingoni. Mwembamba, mrefu, kama miaka sitini na tano.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikasema nimekula, naye hakuniamini, akaniletea kikombe cha loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, akasimama pale mpaka nikaimaliza. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kitambaa cha kroshia, cheupe chenye maua ya njano pembeni, kimetiwa wanga mpaka kinasimama chenyewe, akakitandika juu ya boksi la kompyuta. Mnajua wenyewe, kwa mama zetu redio, televisheni, friji, hakuna kinachokaa bila kuvikwa.

"Chombo hakikai uchi mbele za watu," akasema. "Nimekufumia wiki hii, maana kuimba sana nimekatazwa, nikaona mikono isikae bure."

Juu ya boksi lile ndipo yalipo matundu ya kutolea hewa ya moto. Niliona. Nataka hili lieleweke vizuri: niliona kitambaa kimekaa juu ya matundu, na mdomo wangu ulishafunguka niseme. Lakini miaka sita niko Arusha na hakuna mtu aliyewahi kunifumia kitu. Nikasema, "Asante sana, Mama," nikakinyoosha na ncha zake zikae sawa.

Tukafunga milango na madirisha kwa ajili ya kuku na pikipiki za nje. Watu ishirini chini ya bati, saa nane mchana, jua lilikuwa limetoka. Nikawasha. Mashine kimya kabisa, na Mwalimu Elifuraha akanitazama akatikisa kichwa kwa heshima, na mimi nikavimba kidogo, sitadanganya.

Mara ya kwanza Mama Ndekirwa alifika katikati ya ubeti, sauti ya pili wakaingia kabla ya wakati, akasimamisha. Wakacheka, wakamsuta aliyeanza. "Mama Neema ana haraka ya kwenda sokoni," mmoja akasema, na mumewe, Baba Neema, ambaye anaimba besi, akajibu kwamba haraka hiyo angekuwa nayo nyumbani wangekula mapema. Nikaacha rekodi iendelee.

Mara ya pili ndiyo yenyewe. Wenzake walikuwa wanavumisha tu chini yake, midomo imefungwa, kila mmoja anashika sauti yake, na yeye akaimba ubeti wote. Mimi Kimeru sijui hata salamu. Lakini kuna mahali sauti yake ilikuwa inapanda halafu badala ya kufika juu inageuka, inarudi taratibu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kupitia hedifoni inakuja nyembamba, ya mbali. Nikazivua, nikaziweka shingoni, nimsikie kama wanavyosikia watu waliomo chumbani. Kazi yangu mle ndani ilikuwa moja tu, kuwa na hedifoni masikioni, na nikazivua. Akamaliza. Mwalimu akafuta miwani.

"Tupige na ya tatu," akasema, "iwe akiba."

Ya tatu ilifika mstari wa pili na skrini ikawa nyeusi.

Mama Ndekirwa akaendelea kuimba maneno mawili matatu, kisha akaona uso wangu akanyamaza. Watu wote wananitazama. Nami nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Umeme huo. Umeyumba."

Baba Neema ni fundi umeme. Mimi sikujua, lakini hata kama si fundi, taa ya ukumbi ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

"Fundi," akasema kwa upole, "umeme upo. Taa ile pale." Akasogea, akaweka kiganja ubavuni mwa boksi, akakiondoa haraka. "Hii inachoma kama pasi."

Sasa nilikuwa nimeshikwa na uongo mmoja, na mtu aliyeshikwa na uongo mmoja anatafuta wa pili ulio karibu na mkono. Nikakivuta kile kitambaa. "Ni hiki," nikasema. "Kimeziba hewa."

Haikuwa uongo kabisa, ndiyo ubaya wake. Kitambaa kilikuwa kimeziba kweli. Lakini feni zikiachwa huru zingepiga kwa nguvu zote, zingesukuma moto utokee nyuma na pembeni, na hata zingeshindwa, king'ora kingelia mapema tukajua. Mimi nilikuwa nimezifunga miguu na king'ora nimekiziba mdomo. Yote hayo nilikuwa nayajua nikiwa nimesimama pale na kitambaa mkononi.

Mama Ndekirwa akanyoosha mkono akakichukua. Akakikunja mara mbili, mara nne, akakiweka mapajani.

"Kumbe nimejiziba mwenyewe," akasema.

Na mimi nikanyamaza. Sijui ni muda gani. Daftarini mara ya pili niliandika ni sekunde chache, lakini nadhani zilizidi, maana kina mama walikuwa wameshaanza kumfariji na wengine wamekuja kuipepea kompyuta na vitabu vya nyimbo, watu saba wameizunguka kama bibi harusi aliyezimia. "Mpeni nafasi avute hewa," mmoja anasema. Mwingine akauliza kama inaruhusiwa kuifuta na kitambaa cha maji, Baba Neema akamwambia akitaka kuiona mbingu leo aifute. Wengine wakacheka kidogo, Mama Ndekirwa hakucheka.

Ilipopoa nikabonyeza. Sasa mashine hii inapoamka, kabla programu haijaingia kazini, feni zake zinapiga kwa nguvu zote. Zikanguruma pale ukumbini, vitabu vikapeperusha kurasa, mama mmoja akasema, "Amefufuka." Baada ya dakika moja hivi programu ikaingia, ikakuta mstari pale nilipouacha, na feni zote tatu zikanywea, zikanyamaza mbele ya watu wote kama wanafunzi wakimwona mwalimu mkuu.

Baba Neema akainamisha kichwa. "Fundi, mashine imetoka kuungua sasa hivi. Nani kaziambia zinyamaze?"

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. Nikasema ni mimi. Nikaeleza yote, mstari, king'ora, na ile simu niliposema ipo wakati siijui. Nikamwambia Mama Ndekirwa kwamba kitambaa hakina kosa, kwamba nilikiona kinawekwa na ningeweza kukisogeza kwa kidole kimoja, na kwamba nilimwacha abebe kosa langu kwa sababu alikuwa karibu. Nilisema nikitazama sakafu, sakafu ya saruji, ina ufa unaoanzia mlangoni mpaka jukwaani, naukumbuka wote.

Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

"Tusikilize kilichobaki," Mwalimu akasema.

Nikazirudisha feni kwenye hali yao ya kawaida, zikavuma, nikafungua rekodi. Mara ya kwanza ilikuwa safi mpaka pale alipojisimamisha: nusu ubeti. Mara ya pili, ile yenyewe, mashine ilikuwa imeshaanza kuzidiwa na moto na inashindwa kuandika kila kinachoingia, sauti inakuja inakatika, inakuja inakatika, kama mtu anayeongea huku anatafuna muwa. Ningekuwa na hedifoni masikioni ningesikia neno la kwanza lililokatika na kusimamisha, naye angekuwa bado ana sauti. Mama Ndekirwa alijisikiliza mpaka mwisho, vipande kwa vipande, mikono juu ya kitambaa.

Akajaribu mara ya nne. Mstari wa kwanza ukatoka, wa pili ukakwaruza kama mlango wa bati, akashika koo. "Basi," akasema. "Imetosha. Iliyokuwepo nimeshaitoa."

Wakati nafunga waya, Mwalimu Elifuraha akanijia. "Fundi, nilikuuliza kama ipo namna. Sikukuuliza kama unaijua. Hapo tugawane kosa." Nikakataa, nikamwambia hakuna cha kugawana. Bado sijui kama kukataa kule kulikuwa haki au kiburi. Mama Ndekirwa naye akaja akakitia kitambaa kwenye mfuko wangu wa waya. "Hiki nilikuletea wewe," akasema. "Mashine sina shida nayo."

Nusu ubeti nikamwekea kwenye flashi nikamtumia siku ileile kwa dereva wa bodaboda. Upasuaji ulikwenda salama, Mwalimu alinijulisha. Mimi sikwenda kumwona. Nilipanga mara nyingi, mara moja nilifika mpaka stendi nikanunua na machungwa, nikarudi nayo nikayala mwenyewe kwa siku tatu.

Mwezi wa tisa akaja yeye. Nilikuwa na wateja wawili wa dawa ya kunguni wanasubiri zamu, pazia likafunguka, akaingia na kovu shingoni. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa mnong'ono, hewa tu, ikabidi nisogee. Wale wateja wakampisha stuli.

"Nimekuja kuuliza kitu," akanong'ona. "Ile ya pili. Wenzangu wananiambia ilikuwa nzuri, ukiwauliza ilikuwaje hawajui, kila mmoja alikuwa ameshika yake. Na mimi nikiimba sijisikii. Mle ndani aliyekuwa anasikiliza ni wewe. Ilikuwaje?"

Nikajaribu kusema. Nikasema ilikuwa nzuri sana, Mama. Nikasema ilipanda ikageuka. Maneno yangu yakaishia hapo, na yeye anangoja.

"Imba," akasema.

Mimi siimbi. Shuleni nilitolewa kwenye mchakamchaka kwa kuwapoteza wenzangu kwenye wimbo. Na maneno yenyewe ni ya lugha nisiyoijua. Lakini nikaimba, mbele ya wale watu wawili wa kunguni, nikatoa ile sauti kwa jinsi nilivyoibeba, na maneno yanavyonijia, mengine nadhani si maneno. Mmoja wa wale wateja akajifanya anasoma simu. Mama Ndekirwa alikuwa ameinua kidole kimoja, nikikosea anakishusha, narudia, anakishusha tena. Pale panapogeuka tulirudia mara nyingi mno. Mwishowe kidole kikabaki juu mpaka nikamaliza, akafumba macho kidogo, akasema, "Ndivyo mama alivyokuwa anaugeuza."

Nikamuuliza kama niirekodi hivyo, hata kwa sauti yangu, iwe ya wajukuu. Akacheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu. "Wajukuu watakimbia, mwanangu." Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Nimeapa kwamba mtu akiniuliza kama kitu kipo na mimi sikijui, nitasema sikijui. Kiapo hicho nimeshakivunja mara moja, kwa mteja wa tangazo, na hapa nakiandika ili kihesabike. Kuhusu hedifoni nimeshindwa kuapa. Najua nilikosea kuzivua, lakini kila nikitaka kuapa kwamba sitarudia, kalamu inasimama.

Mwaka huu Mwalimu ameniambia Mama Ndekirwa amehamia kwa mwanawe Dodoma. Maneno ya wimbo, aliyoyaandika Mama mwenyewe, Mwalimu anayo kwenye karatasi, na nusu ubeti iko kwenye flashi. Nusu iliyobaki, jinsi inavyopanda na kugeuka, ninayo mimi, mtu wa Kondoa asiyejua Kimeru, na jioni nikifunga mlango huwa naiimba mara moja polepole ili isinipotee, nikishusha kidole mwenyewe ninapodhani nimekosea.